Mtoto Amesimama, Baba Amelala

Ndugu zangu, pasta ameniita hapa mbele nimshukuru Mungu. Nitamshukuru, lakini kwanza mniruhusu niseme ukweli, na wengine wenu hamtaupenda.

Bwana yangu ni mwanajeshi, mnamjua. Alirudi kutoka Somalia mzima, bila hata alama, mkamchinjia ng'ombe hapa nyumbani Bungoma na mkamwita shujaa. Mimi niliyeishi naye kule Tuwan, Kitale, ndiye niliona shujaa hawezi kulala. Sufuria ikianguka, anatoka nje mbio. Akitokwa na jasho anasema ati ni joto. Kitale na baridi yake, joto?

Agosti tukaja kumtahirisha kijana wetu. Sisi Wabukusu tunajua: mtoto anasimama mbele ya watu na hapepesi jicho. Asubuhi mkamleta kutoka mtoni amepakwa matope, kengele na filimbi, watu wanakimbia na marungu. Baba yake alikuwa uani anamngoja. Zile filimbi zilipokaribia, alimrukia mama yake mzazi, akamwangusha kwa matope, akamlalia juu akisema, "Lala chini! Lala chini!"

Kijana hakutikisika chini ya kisu. Na nyinyi mkapata wimbo: "Mtoto amesimama, baba amelala." Mliuimba mpaka sokoni. Najua, kuimbana kwa kejeli ni desturi yetu. Lakini bwana yangu aliacha kula. Hakuenda hata kumwona mtoto akiuguza kidonda. Tuliporudi Tuwan, nikamkuta siku moja ameshika kamba ya ng'ombe, na sisi hatuna ng'ombe. Nilimnyang'anya, nikaikalia.

Aliyetusaidia si mtu wa ukoo. Ni jirani yetu, mama Mkikuyu, mjane wa mwanajeshi. Alitupeleka kwa wazee waliostaafu jeshi, huwa wanakutana nyuma ya kanisa lao. Bwana yangu alinyamaza wiki nyingi, wakamwacha anyamaze. Siku aliyofungua mdomo, alisema hivi: "Bomu lilipokuja, mimi nililala chini. Rafiki yangu akasimama kuangalia. Yule aliyesimama ndiye tulimrudisha kwao ndani ya sanduku."

Ndugu zangu, nawaambia, nililia kwa hasira. Kumbe mlikuwa mnamwimbia ati ni aibu kuwa hai.

Nilimweleza kijana. Alichukua sahani yake, akaenda kuketi na babake, wakala pamoja.

Asante mama jirani, uko pale nyuma, simama wakuone. Wazee wale nao Mungu awabariki, maana hawakumuuliza mambo ya ushujaa. Na somo, si pasta alisema lazima kuwe na somo? Mtu akitoka vitani, msimpe jina. Mpeni chakula, mngoje aseme mwenyewe.

Leo anakula, anaongea, kamba niliichoma. Lakini nimemwacha Kitale, kwa sababu kuna watu humu ndani wakimwona bado wanapiga mluzi wa ule wimbo. Mnataka niseme nimewasamehe. Bado. Mniombee, lakini msiniharakishe.