Uso wa Mwenye Shoka

Sogeeni, wanangu, na dirisha msilifunge. Nataka muisikie randa hiyo uani, maana anayechonga jeneza langu ni baba yenu mdogo, ambaye mmekua mkimwita Chinjachinja kama mtaa mzima, nami sijawahi kuwakanya.

Nyumba ni ya mama yenu. Brashi na ngazi gawaneni. Ninalolitaka liko kanisani, ukutani.

Nilipochora kifo cha mfia imani, mdogo wangu alisimama mbele yangu siku kumi na moja, amefungwa kamba nguzoni, ili niupate uso wake. Siku ya mwisho akautazama mbele ya padri na wanakwaya, akasema, "Kaka, mtakatifu wako mbona kama anaumwa jino?" Wakacheka hadi padri akashika mbavu. Hasira hasara, wanangu, ila hasara yangu aliilipa mwingine. Lipu ya asubuhi hiyo ilikuwa bado mbichi. Nikaukwangua uso wake, nikampa mfia imani uso wangu mwenyewe, na wa ndugu yangu nikauweka kwa mwenye shoka, ambaye alikuwa hajapata kichwa. Rangi ikishanywewa na lipu haifutiki kwa maji wala kwa majuto.

Miaka thelathini watu wanaipigia magoti pua yangu. Yeye walilihama benchi lake kanisani. Fundi wa mkono ule, hakuna aliyemwagiza tena kitanda cha mtoto, majeneza tu. Nikanyamaza, kwa kuwa sifa ni tamu, na mkuki ulikuwa kwa nguruwe. Padri wa sasa nimemwomba mara tatu ruhusa ya kuzibadili nyuso hizo. Anasema waumini wameizoea picha. Wameizoea! Kidonda cha mwenzio hakikunyimi usingizi.

Jana mdogo wangu alikuja kunipima kwa ajili ya jeneza. Nilitaka kumwomba radhi, nikajisikia nikisema, "Usinibane mabega." Akakunja futi yake, akajibu, "Kaka, wewe hujawahi kubanwa."

Basi msinizike kabla hamjapanda ile ngazi. Binti yangu, shika patasi, zing'oe nyuso zote mbili; kijana, piga lipu mpya. Wangu uwekeni penye shoka. Wake uchoreni kwa mfia imani, akikubali kusimama. Akikataa, paacheni peupe. Nilimfunga mara moja, yatosha.

Mungu awape mikono kama yangu, na moyo... usiwe wangu. Maji kidogo. Mbona randa imenyamaza? Amemaliza? Mwiteni. La, si hivyo, si hilo... Mwiteni kwa jina lake.