Kadi Ilikuwa Nzima: Kumkumbuka Fundi Ngowa Kitsao

Wasikilizaji wapendwa, leo naomba mnistahimili. Karatasi ninayo mbele yangu, lakini sijui nianzie wapi. Fundi wetu Ngowa Kitsao amefariki. Ngowa, fundi wa kompyuta, mtu wa Majengo, miaka thelathini na minane. Jumatatu ya wiki jana tulikuwa naye hapa studioni. Jumatano asubuhi hayupo.

Ngowa alizaliwa Kaloleni, akaja hapa kisiwani Mombasa kusomea umeme. Alianza kwa kutengeneza redio pale Buxton, mlangoni pa shangazi yake. Kompyuta zilipoingia mjini alijifunza mwenyewe. Mteja akimletea mashine, kwanza alimpa kiti na kumwambia, "Haya, nieleze ilivyougua." Wengine walicheka, lakini walieleza.

Ni yeye aliyeweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye laptopu yetu ya studio. Mercy, karani wetu wa mapokezi, huandika matangazo yenu ya vifo huko chini. Yanapita kwenye waya, yanatokea kwenye laptopu hii ninayosomea. Kinachoyapokea ni kadi ndogo ya mtandao aliyotuuzia Ngowa, iliyochomekwa ubavuni.

Jumatatu ile asubuhi Ngowa alituwekea toleo jipya la mfumo. Laptopu ikawaka vizuri. Kadi ikanyamaza. Taa yake haikuwaka, na matangazo hayakuja. Tangazo la familia moja ya Changamwe tulilisoma jioni, maiti ameshazikwa.

Nilipandwa na hasira. Mnatujua sisi wa kisiwani: kitu kikifa, tunalaumu chumvi. Redio ikikoroma, chumvi. Feni ikigoma, chumvi. Nikaichomoa kadi, nikaisugua kwa spiriti, nikaona doa la kutu. Basi nikamgeukia Ngowa, mbele ya Mercy na Joab, mwenzetu wa mitambo. Nikasema, "Umetuuzia kadi uliyookota Kibarani!"

Kibarani, jalalani. Ulimi hauna mfupa, wasikilizaji.

Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Bwana Taib, mimi siuzi taka. Kadi ni nzima. Kiini cha mfumo ni kipya, na programu ya kuiendesha kadi ni ya kiini cha zamani. Havielewani. Nipe siku mbili nitengeneze programu nyingine."

Nikamwambia aende zake.

Jumatano asubuhi alikuwa nyumbani akifunga kamba za viatu. Mkewe, Sidi, alikuwa karibu naye. "Aliniambia, 'Leo Taib atajua kadi ni nzima,'" Sidi amenieleza. "Akainama kufunga kiatu cha pili. Hakuinuka." Madaktari wamesema ni moyo.

Mercy aliniletea tangazo kwa mkono. Nililisoma hewani nikidhani ni Ngowa mwingine. Nilipofika kwenye jina la mkewe, nikashindwa kuendelea. Wengi wenu mlipiga simu kuuliza kama mitambo imezimika.

Tulimzika Kaloleni Jumamosi. Baada ya maziko, rafiki yake Kazungu, fundi mwenzake, alinionyesha diski moja. Ilikuwa mfukoni mwa shati alilovaa Ngowa asubuhi ile. Jana Kazungu akaja nayo hapa. Akaweka programu iliyokuwemo, akaizima laptopu, akaiwasha. Taa ya kadi ikawaka kijani. Kadi ile ile, na doa lake lile lile. Joab alishika kichwa. Mimi nikaketi sakafuni.

Nilikwenda Majengo kumwomba Sidi radhi. Akasema, "Kaka Taib, mimi nimekusamehe. Lakini mume wangu ulimtukana mbele ya watu. Msafishe mbele ya watu."

Ndiyo sababu ya kipindi hiki. Kadi ilikuwa nzima. Ngowa Kitsao hakutuuzia taka. Fundi alisema kweli, mimi nikamwita mwongo.

Dada Sidi, pole sana. Poleni watoto, poleni ukoo wa Kitsao, poleni mafundi wote mliofanya kazi naye. Mungu awape subira. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemtweza leo kazini, mfuate sasa hivi, usingoje kesho.

Mimi nilimtukana mbele ya watu wawili. Leo nimemsafisha mbele ya Mombasa nzima. Nyote mmesikia. Ngowa hakusikia.