Waya, Ruta na Ngazi Iliyolowa

Wasikilizaji wapendwa, walisema alikuwa amelewa. Niliusikia uvumi huo dukani, nikausikia tena msibani, kwangu mwenyewe, na mpaka leo haujanitoka kichwani. Kipindi chetu cha redio leo kinamkumbuka fundi wa mitandao, aliyeitwa Waya na kila mtu. Alikuwa mwanangu. Mimi ninayezungumza nanyi ni mama yake.

Waya alinieleza kazi yake siku moja nikichambua mchele. Mwalimu anafundisha katika jengo moja la chuo. Picha yake inatumwa mara moja tu, halafu ruta za njiani, vile visanduku vinavyopitisha mawasiliano, zinainakili na kuwapa walioiomba, basi. Asiyeomba hapelekewi. Nikamwambia, "Basi zina adabu kuliko shangazi zako." Alicheka mpaka akamwaga chai.

Siku aliyofariki, picha ilifika majengo yote, ila moja. Wanafunzi wanatazama ukuta mweupe, bosi anapiga simu. Ruta ya jengo lile, iliyofungwa juu ya paa, ilikuwa haijaambiwa ipitishe picha. Waya akairekebisha kwa kompyuta, amekaa ofisini. Akakosea mstari mmoja, ruta ikakata mawasiliano naye. Hapo hakuna tena kuirekebisha kwa mbali. Ni kuifuata huko huko ilipo.

Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Alipanda ngazi peke yake, bila mkanda wa usalama. Akateleza.

Mwenzake wa ofisini alikuja kuniona, kiti akakikataa. Akasema, "Mama, hakulewa. Huwa tunaiamuru ruta kwanza: nisipokuthibitishia kuwa bado tunawasiliana, jiwashe upya, urudi ulivyokuwa. Siku hiyo aliiruka hatua hiyo. Aliharakishwa. Tulipomfikia, simu mfukoni ilikuwa bado inaita."

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Hakulewa. Aliharakishwa.

Baba Waya, pole mwenzangu. Nawe kitindamimba wangu, pole mama. Umeanza kazi ile ile ya kaka yako, na roho yangu haitulii. Wewe na mafundi wenzako, yatafakarini haya kabla hamjashika kazi:

Usiguse ruta ya mbali kabla hujaiamuru ijirudishe.

Usipande peke yako.

Usipande bila mkanda, wala paa likiwa limelowa.

Jirani, usimpelekee mtu habari asiyoiomba, nawe huna hakika nayo.

Na wewe bosi, usimpigie simu mtu aliye kwenye ngazi.