Mzee Mbaluka Kimeu na Kijiji Kisicho na Kaunti

Wachungaji, wazee, majirani na nyote mlioacha kazi zenu kuja kutufariji, mimi ni Nzilani, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Josephat Mbaluka Kimeu, mnivumilie, kwa sababu nitasoma nikiwa na hasira.

Baba alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 huko Kangundo, akaletwa hapa akiwa na miaka minne, babu yetu Kimeu alipoandikwa kazi ya kukata mkonge, na nyumba ya babu ndiyo iliyosimama kwanza juu ya mwamba huu, kati ya mto ulio kaskazini na udongo mweusi wa kusini unaonasa magari mvua ikinyesha, ndiyo maana mahali hapa panaitwa Kwa Kimeu. Alisoma shule ya shambani hadi darasa la saba, mwaka 1969, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo Thika mwaka 1973, siku za kazi akilala Makongeni, na kila Jumamosi akirudi kwa miguu. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Wangeci, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Mutisya na Becky.

Shamba la mkonge lilipofungwa mwaka 1986, wafanyakazi walibaki, na leo tuko nyumba sitini na mbili, tuna kanisa, tuna kisima tulichochimba wenyewe, lakini hatuna kaunti, kwa kuwa mpaka wa kaunti mbili unapita katikati ya mahindi yetu. Baba alipopeleka barua ya kuomba daraja, ofisi ya upande huu ilimwambia, "Mzee, nyinyi ni wa ng'ambo," na ya ng'ambo ikamwambia, "Rudi kwenu," naye akaenda na kurudi miaka kumi na mmoja, kwa suti yake ya kanisani, akiwa na ramani aliyoichora kwa mkono wake. Wakati wa kura, pande zote mbili zilitujua vizuri sana.

Presha ilimwanza mwaka 2017. Jumapili, tarehe 4 Mei 2025, tukitoka ibadani, alianguka, nikapiga simu ya ambulensi, nikaulizwa, "Kwa Kimeu ni wapi? Hapa kwa kompyuta hakuna." Nilieleza njia dakika arobaini. Ilipofika, ilisimama ng'ambo ya mto uliofurika, tukaiona, baba pia akaiona, akamwambia mama, "Wangeci, si ile pale?" akakata roho, akiwa juu ya mlango tulioung'oa kumbebea hadi mtoni.

Kwenye kibali cha mazishi, karani aliandika kwamba alifia Thika. Mama alikataa kukipokea, akakaa katika ofisi hiyo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane, akirudia, "Hakufia Thika, andika alikofia," mpaka kikaandikwa upya, na hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali yenye jina Kwa Kimeu, nayo ni ya kuzikia mtu.

Waheshimiwa mlio katika hema la mbele, mmezunguka kilomita ishirini na tisa kutufikia, karibuni chakula, lakini maikrofoni hamtapewa.

Tunamshukuru daktari wa kliniki ya presha, wenzake wa kiwandani, majirani mliopika tangu juzi, na dereva wa ambulensi, Bwana Wambua, aliyevua viatu akaingia majini hadi kifuani, peke yake, kabla ya kuvutwa nje kwa kamba.

Baba, amani ni yako sasa, lala. Sisi Jumatatu tunaenda ofisi zote mbili, nyumba zote sitini na mbili.