Chumvi Isiyotiwa Jikoni

Bi Zohura, mjane, alikuwa akivuta tasbihi kwenye basi la kwenda mji wa Khulna, Bangladesh, huku akimwomba Mola radhi kwa kudukiza maneno ya kiti cha mbele. Hapo mama mmoja alikuwa akimpeleka hospitali mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba.

"Daktari kamkataza chumvi," alimlalamikia abiria wa pembeni, mfugaji wa kamba. "Miezi miwili napika mchuzi chapwa, na presha inapanda tu. Huyu anadokoa achari!"

"Wallahi mama, sijagusa," binti alisema.

"Wali mnapikia maji gani?" mfugaji aliuliza.

"Ya bwawa letu. Kwani kuna mengine?"

"Basi chumvi anainywa, mama. Bahari imepanda, mabwawa yote yameingiliwa na maji ya chumvi."

"Bahari ndiyo iliyotoboa tuta la kuizuia, baba? Si nyinyi, mpate maji hayo ya kufugia kamba wenu?"

"Hata tusingetoboa, vimbunga vingelibomoa."

Zohura aliona wote wamesema kweli, ila kweli yao haikumpunguzia binti uvimbe.

"Mama, nina kiu," binti alisema.

Mama akatoa chupa ya maji ya nyumbani, akashika kifuniko, asifungue wala asiirudishe. Basi likasimama mlangoni pa hospitali.