Dashibodi ya Mwisho ya Mzee Chaki

Kwa bahati, hakuna wa kunifikia. Nimewahi kusafiri baharini wiki nzima bila tiketi, na nahodha akanipa chai. Nimewahi kuteleza kutoka juu ya lori nikatua kwenye magodoro. Na katika karakana hii, mwaka wa kumi na tisa huu, kazi niliyoigusa haijawahi kuharibika hata moja. Wengine hupasua vioo, hutoboa matangi, huchoma viti kwa cheche. Mimi hapana. Ndiyo maana mnaniita Kismati, na nadhani ndiyo maana nimepewa kuandika ukurasa huu wa kuagana badala ya wale waliomaliza shule.

Basi tuanze. Fundi wetu mkuu wa bodi, Mzee Chaki, anastaafu Ijumaa hii tarehe thelathini, baada ya kuitumikia karakana miaka thelathini na minne. Alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye nyundo moja ya kuazima. Anaondoka akiwa mzee mwembamba mwenye nyundo kumi na moja, zote zake, na ole wako uiguse ile yenye mpini wa mpera.

Mzee Chaki hakai. Wageni wanaosoma hili kwenye sherehe wasidhani natia chumvi. Miaka sita iliyopita ofisi ilimnunulia kiti, nacho mpaka leo kinabebea makopo ya rangi. Chai anakunywa akilizunguka gari. Akienda likizo, siku ya tatu mkewe hupiga simu ofisini kuomba arudishwe kazini, kwa sababu ameshaung'oa mlango wa jikoni na kuupachika upya mara mbili, na haukuwa na tatizo lolote.

Jina la Chaki alilipata kwa tabia yake ya vipimo. Sisi wengine tunapima na kuandika kwenye karatasi, kwenye kiganja, kwenye pakiti ya sigara. Yeye huandika kwa chaki kwenye bodi ya gari lenyewe. "Karatasi ina miguu," husema, "lakini gari nililolifungua haliendi popote." Ukilipitia gari analolitengeneza utaona namba kila mahali, kama ubao wa darasa la hesabu.

Na mdomo pia anao. Mteja mmoja alileta mlango uliobonyea na kuapa kwamba amegongwa na mbuzi. Mzee akalitazama lile bonde, akalipapasa, kisha akauliza kwa adabu zote huyo mbuzi alikuwa na namba gani ya usajili. Mteja alicheka mpaka akakiri. Gari la wagonjwa lililopinduka kwenye mvua, ambalo gereji tatu zilisema litupwe, yeye alilinyoosha kwa siku kumi na moja, na mpaka leo linapita hapa mbele likipiga king'ora, naye hutoka nje kuisikiliza milango yake.

Miezi miwili iliyopita bosi alitangaza mbele yetu sote kwamba Mzee akishastaafu atakuwa anarudi kila Jumanne na Alhamisi kuwafundisha mafundi wapya. Siku hiyo nilishuhudia kitu ambacho sikuwahi kukiona: Mzee aliyashusha makopo ya rangi, akakaa kwenye kile kiti. Alikaa nusu dakika hivi. Halafu akainuka na kuyarudisha makopo. Lakini alikaa. Tukajua alikuwa akiiogopa hiyo Ijumaa kuliko alivyokuwa akionyesha.

Kisha ikaja pikapu.

Ni pikapu ya zamani, ya rangi ya maziwa, mali ya mkunga mmoja aliyeachiwa na baba yake. Zamani dashibodi haikuwa plastiki ya kufungua kwa skrubu nne. Ilikuwa bati zima, limechomelewa chini ya kioo cha mbele na kwenye nguzo za milango huku na huku. Hii ya mkunga ilikuwa imeoza kwa maji yaliyovuja miaka mingi, na aliyewahi kuweka redio aliikata kwa patasi kama anayefungua kopo la samaki. Mzee alipata nzima kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akaja nayo begani akitembea upesi upesi, akikataa kupokewa. Zilikuwa zimebaki siku nane astaafu. Gari lililoanza kufunguliwa na mkono wake halijawahi kubaki wazi, na hakutaka hili liwe la kwanza.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba dashibodi ya bati ndiyo inayozishika nguzo. Ukiitoa, kibanda cha dereva kinajifungua polepole kama mdomo wa mtu aliyesinzia, na milango haifungi tena. Kwa hiyo unapima kwanza: nguzo hadi nguzo, juu na chini, pembe hadi pembe. Ndipo unakata. Na ukitaka kuweka mpya, unazivuta nguzo zirudi kwenye namba zile zile. Bila zile namba, unakisia.

Jumatatu asubuhi, dashibodi ya zamani imeshatoka, Mzee aliingiza kichwa ndani ya kibanda kuzitazama namba zake kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta ulikuwa mweupe. Hapakuwa na namba.

Alisimama pale. Mtu asiyetulia mahali pamoja, alisimama tuli. Bosi akaja, akauliza vipimo viko wapi. Mzee akajibu kwamba hakuviandika, amesahau.

Bosi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, taratibu, kwamba labda umri umefika, na kuhusu Jumanne na Alhamisi, mzee apumzike, vijana hawawezi kufundishwa na mtu anayesahau kuandika. Mzee akaitikia, "Sawa, bosi." Akaomba jeki mbili na mnyororo.

Siku tatu zilizofuata karakana nzima ilikuwa kama inakanyaga misumari. Mtu anashika spana, anaiweka, anaenda kuchungulia pikapu, anarudi. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya kuliko wote. Nilikwenda kunywa maji mara nyingi hata mlinzi akaniuliza kama nina sukari. Mzee aliagiza aletewe kioo cha mbele, kile cha zamani tulichokitoa kizima, akakilaza mahali pake bila gundi. "Kioo hakipindi wala hakinyooki," akasema. "Kibanda kikirudi sawa, kioo kitasema." Akaanza kuvuta nguzo kwa mnyororo, unene wa unywele kila mara, akizunguka, akipima nafasi pembeni ya kioo kwa kipande cha kadi, akizunguka tena. Nadhani alitembea kilomita thelathini bila kutoka getini.

Kila jioni mkunga alipita akitoka kazini na viatu vyake vyeupe. "Baba, huyu mgonjwa wangu anajifungua leo, au nimrudishe nyumbani?"

"Mtoto amekaa vibaya, mwanangu," Mzee alijibu bila kuinua kichwa. "Tunamgeuza."

"Mgeuzeni polepole. Mimi nikikosea huwa nasikia kelele."

"Na mimi pia," alisema Mzee, na sote tukacheka, isipokuwa mmoja.

Alhamisi saa nne asubuhi nafasi ya kioo ilikuwa sawa kuzunguka pande zote. Mzee akausukuma mlango wa dereva kwa kidole kimoja, ukafunga. Akaenda upande wa pili, kidole kimoja, ukafunga. Dashibodi mpya ikaingia kama droo kwenye kabati. Akaichomelea nukta moja hapa, nyingine kule, asiipindishe kwa moto. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye kazi. Kwenye ile dashibodi ya zamani palikuwa na tundu dogo la ndoano, ambapo, mkunga alituambia, baba yake alikuwa akitundika miwani. Mzee alipima, akatoboa tundu lile lile kwenye dashibodi mpya, akaweka ndoano.

Jioni mkunga alikuja akaiona ile ndoano. Alifungua mkoba, akatoa miwani ya kiume yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, akaitundika. Kisha akawasha gari na kuondoka akiwa amefunga vioo.

Mzee Chaki, wenzako wote wa karakana tunakushukuru kwa magari uliyoyanyoosha na kwa watu uliowanyoosha pia. Kiti kipya tulichokununulia tunajua kitabeba makopo, usijisumbue kutudanganya. Mama, asante kwa kutuazima mumeo miaka yote hii. Mlango wa jikoni tutakuja kuutengeneza. Nenda na afya yako, mzee wetu, pumzika ukiweza, na usipoweza, geti hili unalijua.

Hapo ndipo ukurasa ulipaswa kuishia. Karani wa ofisi amesimama mlangoni kwangu mara ya tatu sasa, anataka kuupeleka kuchapwa. Nami nimeuandika nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Mzee Chaki hakusahau. Aliandika namba zote, juu na chini, pembe hadi pembe, kwa mwandiko ule wake wa mkao mmoja. Jumamosi nilitumwa kusafisha vumbi la chuma ndani ya kibanda. Nilichukua tambara na thina ya kuyeyushia rangi, nikapangusa ukuta wote nikipiga mluzi, nikijisifu jinsi unavyong'aa. Jumatatu, Mzee aliposimama pale, hakuwa anautazama ukuta. Alikuwa akilitazama tambara langu kwenye ndoo, jeupe kwa chaki. Nina barua mbili za onyo, zote za kuchelewa na mdomo, naye alijua ya tatu ni ya kunitoa getini. Akanitazama mara moja, akamgeukia bosi, akasema amesahau. Nami nikanyamaza siku nne, fundi wa maneno kama mimi.

Bosi, barua yangu ya tatu niandikie, nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini Jumanne na Alhamisi ni za Mzee. Hakuna siku hata moja katika miaka thelathini na minne aliyosahau kuandika.

Karani, chapa kama ulivyo, usipunguze.

Ile habari ya bahati niliyoanza nayo, kwamba kazi niliyoigusa haijawahi kuharibika, ni uongo. Namba nilizifuta mimi.