Mzee Eliudi Mtui na Punda Wake wa Himo

Mpendwa wetu Eliudi Ndelilio Mtui alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 hapa Rauya, Marangu, katika kihamba hiki hiki cha migomba ya ukoo tunamomrudisha leo. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Ndelilio na Mama Doris. Mama yake alizoea kusema kwamba asubuhi ile mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni.

Alisoma shule ya msingi hapa Marangu, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, na mwaka uliofuata akapata Kipaimara. Aliimba besi katika kwaya ya usharika mpaka kifua kilipokataa.

Mwaka 1971 alianza kazi ya upagazi mlimani, baadaye akawa mpishi wa wageni. Magoti yalimshinda mwaka 2004, akashuka kwenye shamba lake la chini, nje kidogo ya Himo, akafuga mbuzi.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Eunike, wakajaliwa watoto watatu: Stella, Gladness na Basili.

Kule chini mbweha na mbwa wasio na wenyewe walimaliza vitoto vya mbuzi. Mwaka 2011 marehemu alikwenda Holili, akarudi na punda jike aliyechoka kuvushwa mpaka wa Kenya na magunia mgongoni. Eunike alitoka jikoni, akamtazama punda, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Stella, umeniletea mke mwenza?"

"Huyu ni mlinzi."

"Mlinzi mwenye kwato. Haya wajukuu, mpeni shikamoo mama mdogo."

Jina likabaki hilo, Mama Mdogo. Marehemu alimlaza zizini na mbuzi, akamlisha pamoja nao, na kila kitoto kilichozaliwa alimwonyesha akiwa amemshika kamba, mpaka punda akawaona mbuzi kuwa ndio ukoo wake. Mbweha akisogea, punda alilia hadi barabarani wakasikia, kisha akamfukuza kwa meno na kwato. Mbwa yeyote kwake alikuwa mbweha, hata wa jirani. Waliokuwa wakicheka wakaanza kuja kuuliza. Walipomshauri aongeze punda wa pili, marehemu alikataa.

"Ukimpa mwenzake, atawasahau mbuzi."

Eunike alitutoka tarehe 2 Agosti 2019. Watoto walimsihi baba yao apande kuishi nao Marangu. Aliwajibu, "Nikija huko nitakuwa na nyinyi. Na hawa watakuwa na nani?" Kila jioni alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, wanyama wake wakiingia mmoja mmoja.

Tangu mwaka 2021 alisumbuliwa na presha. Mchana wa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, alianguka ndani ya zizi. Jirani yake Sylvanus, Baba Brenda, alisikia kilio cha punda, akakimbia kwenda kumsaidia, na mbwa wake akamfuata. Mama Mdogo alikuwa amesimama juu ya mwenye mji. Alipomwona mbwa, hakumruhusu mtu kusogea. Sylvanus akaokota gongo. Marehemu, ulimi ukiwa tayari mzito, alisema, "Usimpige. Mfunge mbwa wako."

Sylvanus alirudi kwake, akamfunga mbwa. Alipofika tena, punda alimpisha kwa upole, lakini marehemu hakusema tena. Alifikishwa hospitali mjini Moshi, ikaonekana ni kiharusi. Alifariki dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 5 Machi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Gladness.

Juzi Sylvanus alipanda hapa akiwa ameshika tawi la mmea wa isale. Kwetu isale haliji bure. Anayelileta anaomba msamaha.

"Ningemwacha mbwa nyumbani," alisema, "mzee angekuwa hapo anakunywa chai."

Gladness alikuwa ameapa kwamba punda yule lazima auzwe. Alisimama, akalipokea isale kwa mikono miwili.

"Baba Brenda, wewe hukukosa. Ulikuja kumwokoa." Akakaa chini, ndipo akasema, "Na yule naye alidhani anamwokoa."

Familia haina la kumsamehe Sylvanus. Lakini isale halirudishwi, hivyo leo litapandwa kichwani pa kaburi la marehemu, kando ya Eunike. Mama Mdogo hatauzwa. Basili ameshahamia shamba la chini. Anasema jioni ya kwanza mbuzi waliingia, punda akagoma mlangoni, akawa anatazama kigoda kitupu. Ilibidi Basili akikalie ndipo naye akaingia.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake Mary, na majirani wa Rauya na Himo, ambao ni ndugu.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Kwetu sisi ametwaa kingi.

Baba, mbuzi wote wako ndani. Pumzika sasa, kwa amani.